Bolti za Toktosun

Mjinga wa siku ile alikuwa Toktosun, na tuliseme mapema tusizungushane. Hata yeye hakatai. Anabisha sehemu moja tu, nayo mtaisikia.

Kabla familia haijapandisha kondoo malisho ya juu, alikata mafundo yote ya ngozi mbichi yaliyoshika fito za ukuta wa hema lao la sufu. Kila fito mbili zilipopishana akatia bolti, akakaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

“Ngozi ni mambo ya kina babu,” alimwambia mama yake, Bi Asilkan. “Hiki chuma.”

Mama akamshika mkono. “Hebu kunja kiwiko.”

Akakunja.

“Kimekunjika kwa sababu kimefungwa kwa kano, hakikupigwa misumari. Na ukuta una viwiko vyake, mwanangu.”

“Aa, mama! Hema ni hema, si mtu.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu tu.

Dhoruba iliwakuta mchana, huko juu, na mvua ya mawe ndani yake. Hemani walikuwa Toktosun, mama yake, mkewe Bermet na kichanga chao, hata jina hakijapewa. Upepo ukapiga mara ya kwanza. Ukuta haukutikisika.

“Mmeona?” Toktosun akachekelea.

Kwa! Ufito ukapasuka palepale kwenye tundu la bolti. Ukafuata wa pili, kwa mlio wa mfupa.

“Kamba!” akapiga kelele Bi Asilkan. Wote wakaidaka kamba iliyoning'inia kutoka kileleni mwa hema, wakaivuta kwa uzito wao wote paa lisiondoke. Bermet alikuwa amembana mtoto kati ya magoti.

“Mama, tutoke nje!” akaita Bermet.

“Na mawe yale? Yatamuua mtoto! Wewe Toktosun, kalegeze nati!”

“Nikiachia kamba, paa litaruka!”

“Kamba tunayo sisi. Ujinga ni wako, kaufungue mwenyewe!”

Akarukia ukuta wa upande wa upepo. Loo, nati zile zilikuwa zimekazwa na mwanamume aliyetaka kumshinda mama yake! Spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Ufito mwingine ukapasuka karibu na sikio lake. Nyuma yake paa lilishuka kwa kishindo upande mmoja, mtoto akalia. Toktosun hakugeuka, alijua akigeuka mikono itakufa ganzi. Akalegeza nati moja. Akalegeza nyingine, na nyingine.

Upepo ukaja tena. Ukuta ukabonyea ndani mpaka ukamgusa pua. Akafumba macho, akingoja mlio.

Haukuja. Ukuta ulirudi nje polepole, kama kifua kinachoshusha pumzi.

Akaendelea kulegeza, huku analia waziwazi, mpaka dhoruba ikavuka mlima.

Baadaye Bermet alikaa ananyonyesha chini ya paa lililopinda, na Bi Asilkan alikuwa ameshaanza kuchana kamba mpya za ngozi kwa kisu. Toktosun akaokota vipande vya fito, akavitazama, ulimi ukamrudia.

“Lakini tusemeni ukweli. Zilizovunjika ni fito. Bolti hata moja haikukatika!”

Bermet hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

“Vizuri, mume wangu. Basi leo usiku mfunike mwanao bolti.”