Ukuta Uliokataa Kukauka

Mzee Tangi hakuitwa hivyo kwa sababu ya tumbo, ingawa tumbo alikuwa nalo. Jina lilimganda tangu ujanani, alipoanza kutengeneza matangi ya maji ya faiba. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi: unatandika kitambaa cha faiba juu ya kalibu yenye umbo la tangi, unakinywesha gundi, unatandika kingine, unanywesha tena, mpaka linapatikana gamba ambalo ukilipiga teke utakayeumia ni wewe. Nusu ya mtaa ilikuwa inakunywa maji kutoka kwenye kazi ya mikono yake, na hilo alilijua vizuri mno. Kumshauri kitu kuhusu gundi ilikuwa kujitafutia maneno.

Lakini safari hii hakuwa anatengeneza tangi. Alikuwa anajenga kijumba cha kupachika nyuma ya pikapu yake kuukuu: kuta za plaiwudi nyembamba, juu yake faiba ndani na nje, kidirisha kimoja, na kitanda cha mtu mmoja kulala akanyooka. Mtu mwenyewe alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani ilikuwa imemla mgongo. Kukaa kitako hakuwezi zaidi ya muda wa kumaliza chai. Baada ya hapo lazima asimame au alale chali. Basi la abiria lilikuwa halizungumziki. Na dada yake, yule aliyembeba mgongoni na kumchana nywele utotoni, mama yao akiwa kazini, alikuwa anakaa mwendo wa siku mbili kwa gari, na presha ya macho ilikuwa inamfungia dunia kuanzia pembeni kuja katikati. Daktari alishawaambia bila kuzungusha: alichobakiwa nacho kitakwisha, isipokuwa hajui ni lini. Dada hao hawakuonana tangu walipomzika mama yao.

"Sauti yangu anaisikia kwenye simu kila siku," mkewe alimwambia Mzee Tangi. "Sitaki nifike nimkute ananipapasa uso kama anatafuta kiatu gizani. Nataka anione."

Basi Mzee Tangi akasema atajenga. Yeye si mtu wa kumshika mkewe mkono na kumpa maneno matamu. Hayo aliwaachia wenye vipaji. Yeye alikwenda kupima pikapu.

Kwa kuwa kijumba ni cha kulala mtu na si cha kuhifadhia maji, aliambiwa gundi ya matangi haitafaa, inanuka miaka na miaka. Anunue epoksi, gundi isiyoacha harufu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, naye alimwekea makopo mawili mezani, kubwa na dogo.

"Hili gundi, hili dawa ya kugandishia," alisema. "Vipimo viwili vya gundi, kimoja cha dawa. Usipunguze, usizidishe. Hii si ile uliyoizoea, baba."

"Mwanangu," alisema Mzee Tangi, "mimi nimeanza kuchanganya gundi wewe bado unapakatwa."

"Sawa, baba. Viwili kwa kimoja."

Alibeba makopo yake akanung'unika njia nzima. Hata hivyo alitii. Alianza na paa, akapima viwili kwa kimoja kwa vikopo vya plastiki, na mkewe akamkatia faiba kwa mkasi wake wa kazi, bila kuacha uzi hata mmoja ukining'inia. Paa lilikauka likawa kama kigae. Jirani mmoja, mstaafu wa benki ambaye kila mtu bado alimwita Meneja, alikuja akaligonga kwa pete yake na kusema kazi nzuri, ila aache tundu la kupumulia maana kwa umbo lile polisi watadhani anasafirisha maiti. Mzee Tangi alimwambia akae karibu basi, atampimia jeneza la kwake. Walicheka. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Ikapigwa simu.

Mpigaji alikuwa binti wa dada. Mkewe aliipokea pale pale uani, mkasi mkononi. "Mama mdogo," sauti ya binti ilisikika hata alipokuwa Mzee Tangi, "leo mama amemimina chai nje ya kikombe. Nimempa kikombe kingine, akamimina nje tena. Akacheka akasema kikombe kimehama. Mama mdogo, mnakuja lini?"

"Tunakuja," alisema mkewe. "Mwambie tunakuja."

Alikata simu, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza. Hakulia. Alikaa tu akiangalia ule mkasi, na akapitiliza muda ambao mgongo wake humruhusu, wala hakuonekana kusikia maumivu. Mzee Tangi alimtazama, na roho ilimuuma vibaya. Kama angekuwa mtu wa maneno angesema neno. Badala yake alirudi kwenye makopo.

Sasa, ile gundi ya matangi ina tabia yake. Ukiwa na haraka, unaongeza matone ya dawa na inaganda upesi. Mvua ikitishia, unaongeza tena. Miaka yote mkono wake ulikuwa unafanya hivyo wenyewe, kama unavyoongeza moto chini ya sufuria mgeni akishapiga hodi. Mkono ukafanya hivyo hivyo. Viwili vya gundi, viwili vya dawa. Kuta zote nne, ndani na nje, alizimaliza siku hiyo hiyo, jasho likimtiririka, akijiambia kwamba kesho atapiga msasa, keshokutwa rangi, kisha safari.

Kesho yake aligusa ukuta, kidole kikanata. Akasema ni unyevu. Siku iliyofuata kikanata. Akaisogeza pikapu juani na kijumba chake, kidole kikanata. Akaingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango, akatoka anakohoa macho mekundu, na ukuta ukanata zaidi ya jana.

Alikwenda kwa muuzaji peke yake. Alieleza mambo kwa kuzunguka, kana kwamba anamsemea rafiki yake.

"Rafiki yako aliongeza dawa," alisema muuzaji.

"Kidogo."

"Baba, hiyo haitakauka. Si wiki hii, si mwakani. Akwangue yote mpaka kwenye mbao, aanze upya."

Kukwangua kuta nne, ndani na nje, na kuanza upya! Hiyo ilikuwa kazi ya majuma. Mzee Tangi alirudi nyumbani akiwa amenywea kabisa, na njiani akapata wazo ambalo mtu mzima mwenye akili timamu hulipata tu akiwa amebanwa. Mkewe atalala kitandani, ukuta ataugusia nini? Aliingia chumbani, akachukua kopo la poda la mkewe, akaenda kuupaka ukuta poda kwa kitambaa, polepole, mpaka ukawa mweupe na mlaini kama makalio ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaugusa. Haukunata. Akashusha pumzi.

Mkewe alikuja jioni hiyo na pazia alilolishona kwa ajili ya kidirisha. Aliingia kwa furaha, akanusa, akauliza mbona ndani kunanukia hivyo. Mzee Tangi akajibu kwamba epoksi nzuri ndivyo zilivyo. Mkewe akapanda juu ya kitanda kutundika pazia, mgongo ukamvuta, akauegemea ukuta kwa nguvu zote apumzike kidogo.

Alipotaka kuondoka, ukuta ukamkatalia. Gauni lilikuwa limeshika kuanzia begani hadi kiunoni. Alijivuta, ukasikika mlio wa plasta ya kidonda inayobanduliwa, akatoka na alama ya gundi mgongo mzima, na pale ukutani ikabaki nakala ya maua ya gauni lake.

Aliangalia ukuta. Aliangalia vidole vyake vyenye poda. Akamwangalia mumewe.

"Hii ni poda yangu."

"Ni poda yako."

"Tangu lini unajua?"

Mzee Tangi alimweleza yote, pamoja na rafiki ambaye hakuwepo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Uliambiwa viwili kwa kimoja," mkewe alisema. "Uliongeza ya nini?"

"Ulikaa pale kwenye kigoda," alisema Mzee Tangi. "Ukanyamaza. Sikuweza kuvumilia kukuona vile."

Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika kiuno, akavuta pumzi. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Wewe hapa unapaka ukuta poda, na kule dada anamimina chai mezani," alisema. "Baba watoto, mimi sikukuomba nyumba. Nilikuomba unifikishe. Pikapu inawaka?"

"Inawaka."

"Godoro tunalo?"

"Tunalo. Lakini vumbi, na jua, na..."

"Fungua nati za hiki kijumba, kibaki."

Alizifungua, kwa spana ile ile aliyozikazia. Meneja na vijana wawili wa jirani walisaidia kukishusha kijumba, na kila aliyekishika alibaki nacho mikononi kidogo. Meneja alifungua kinywa atanie, akamwona mama mwenyewe amesimama na kifurushi chake, akakifunga. Walitandika godoro nyuma ya pikapu, wakafunga turubai juu yake kwa kamba, na alfajiri wakaondoka.

Mzee Tangi aliendesha kama aliyepakia mayai. Kila penye shimo alikaribia kusimama, na akishalivuka aligonga bati la nyuma yake kwa kifundo cha kidole. Mkewe aligonga pia kujibu. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, wakalala kwenye kituo cha mafuta, na ya pili ikawa ndefu kuliko ya kwanza, kwa sababu barabara ya lami iliisha. Mara moja mkewe alichelewa kugonga, Mzee Tangi akafunga breki, akashuka mbio, akamkuta amelala chali, vumbi mpaka kwenye kope, meno ameyauma kwa maumivu.

"Usisimame," alimwambia. "Ukisimama tena nitashuka nitembee."

Walifika saa za mchana. Binti wa dada alikimbilia getini, akamsaidia mama yake mdogo kushuka. Mzee Tangi alibaki kwenye bampa, mabaki ya gundi bado kwenye kucha. Alikuwa anaogopa, na alijua anaogopa nini: kwamba wamechelewa, na kwamba iliyowachelewesha ni mikono yake.

Dada mtu alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Alikuwa anatazama pembeni kabisa, kwenye ukuta wa jirani.

"Dada," mkewe alisema, akasimama mbele yake.

Dada mtu aligeuza kichwa kuifuata sauti. Akakishusha, akakipandisha, akakisogeza kushoto kidogo, akitafuta kwa kile kitundu cha kuonea alichobakiwa nacho. Kikapita. Kikarudi. Kisha shingo ikatulia.

"Ala!" dada mtu alisema. "Mbona umezeeka hivi? Nywele nyeupe zote! Na hilo jino la mbele umelipeleka wapi?"

Mzee Tangi aliketi chini pale pale, kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono. Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na pengo lake liko wazi, na hakusogea hata hatua moja asije akatoka ndani ya kile kitundu.

"Niangalie, dada," alisema. "Niangalie vizuri, utaje na kasoro nyingine."