Glavu za Gwenda

Stavroula Mantzaris alikuwa akiifufua programu ya kompyuta iliyokufa kabla yeye hajamaliza shule ya msingi. Iliandikwa na Gwenda Prior, mwanamke wa hapa hapa Melbourne, aliyekuwa akipanda jukwaani bila ala yoyote, amevaa glavu zilizoshonewa nyaya za kwenda kwenye kompyuta, akapunga mikono hewani na muziki ukatoka. Stavroula alimwona mara moja tu, akiwa amebebwa mabegani na baba yake, na tangu siku hiyo hakupona. Wenzake waliabudu wachezaji wa futiboli. Yeye aliabudu vidole vya Gwenda.

Kazi yenyewe ilikuwa kero tupu. Diski zilikuwa zimeota ukungu, na kompyuta ya kuzisoma ilipatikana kwenye banda la kuku huko Geelong. Lakini kila mstari aliousoma ulimfanya amvulie Gwenda kofia. Mwanamke huyu aliandika peke yake, kwenye mashine ambayo leo hata simu ya bei chee ingeicheka, na hakupoteza nafasi hata kidogo.

Shida ilikuwa mikono. Gwenda sasa alikuwa na miaka sabini na ushei, ugonjwa umemwingia, vidole vinatetemeka hata akishika kikombe cha chai. Alikuwa ameahidi kupiga Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Footscray, na alishasema wazi: sauti isiposikika vizuri, glavu zinakwenda jalalani. Stavroula akafanya jambo ambalo watengeneza programu wa leo hulifanya bila hata kufikiri. Aliweka ndani ya programu kichujio cha kuondoa mtetemo wa mikono kabla haujafika kwenye sauti. Alifanya kwa mapenzi, maskini.

Alhamisi Gwenda alikuja kwenye gereji alimofanyia kazi Stavroula, akavaa glavu, akainua mikono. Sauti ikatoka safi, imenyooka, haina uhai, kama muziki wa kwenye lifti.

Gwenda akavua glavu ya kushoto taratibu. "Basi, mwanangu. Mikono imekwisha."

"Imekwisha vipi, na inasikika safi hivi?"

"Hiyo ndiyo shida. Programu umeifanyia nini?"

Stavroula akaeleza habari ya kichujio. Gwenda alicheka mpaka akakohoa.

"Ati umeondoa mtetemo? Ulidhani mimi nilikuwa jasiri? Nilikuwa nawaogopa watu kama nini. Kila nikipanda jukwaani natetemeka. Nikachoka kuficha, nikaandika programu inayokula woga. Sauti yote ilikuwa humo kwenye mtetemo, bibie, na wewe umeifagia."

Stavroula alitamani ardhi immeze. Akakifuta kichujio pale pale.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Gwenda akainua mikono, na sauti ikatoka nene, yenye pumzi, kubwa kuliko ile aliyoitunza Stavroula kichwani tangu utotoni. Ugonjwa uliomnyang'anya kikombe cha chai ulikuwa umempa kwaya nzima. Nyuma ya kompyuta, Stavroula alilia na hakujificha.

Alipomaliza, Gwenda aliketi, akalaza mikono mapajani. Watu walisubiri kimya kiingie ili wapige makofi. Lakini mikono haikutulia, na glavu alikuwa bado amezivaa, kwa hiyo wimbo ukaendelea, mdogo mdogo. Gwenda akaitazama mikono yake, akatabasamu.

Kidole cha Stavroula kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima. Akakiondoa.