Nereida na Paja la Kuku

Saa sita kasorobo mchana, kuku wa nyumba ile aligawanywa kwa cheo. Kidari na mapaja yote mawili vilikwenda kwa Ubaldo, fundi pancha, kwa sababu ndiye mwenye nyumba na ndiye anayeinua matairi. Firigisi na maini vilikwenda kwa mama yake, Bi Casilda, kwa heshima ya umri na uhaba wa meno. Mabawa yalifunikwa kwa sahani yakamngoja mgeni, maana katika mji wa Loma Prieta hakuna mchana usio na mtu anayepita mlangoni kwa bahati tu, dakika ileile sufuria inapofunuliwa. Nereida, mkewe Ubaldo, ambaye ndiye aliyemnyonyoa kuku huyo, akamkata na kumpika, alijipakulia mwisho akiwa amesimama kando ya jiko: maharage mengi, kabichi, ukoko aliobandua chini ya sufuria, na shingo ya kufyonza.

Hivyo ndivyo alivyokula tangu aolewe, na ndivyo alivyokula kwa mama yake kabla ya kuolewa. Asije mtu akasema hakulalamika. Alilalamika sana, ila moyoni. Alilipenda paja la kuku mno, na alipokuwa akimpakulia mumewe, mwiko wake ulikawia juu ya paja kuliko ilivyohitajika.

Jumanne moja aligeuka achukue vitunguu, ndala zikabaki sakafuni. Mwenyewe alikuwa hewani, kidogo tu juu ya ndala, na mwiko mkononi.

"Nereida," Bi Casilda akasema kutoka kwenye kiti chake cha kubembea, "shuka huko, wali unaungua."

"Sishuki, mama. Nimejaribu."

"Basi pakua hukohuko."

Akapakua hukohuko. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akitoa utando wa buibui darini bila ngazi, na Bi Casilda akakiri kwa majirani kwamba nyumba haijawahi kuwa safi namna ile.

Ubaldo naye alikuwa anakwenda chini. Maharage hakuyagusa, maana mama yake alimfundisha tangu utotoni kwamba maharage humjaza mwanamume upepo, na kabichi ni chakula cha sungura. Nyama ilimkaa tumboni ikakataa kuondoka. Kila asubuhi aliingia chooni na redio, akasikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo na mchezo mzima wa besiboli wa jana yake, akatoka ameloa jasho na hana la kuonyesha. Uzito ukamzidi. Kiti chake kikavunjika, saruji ya barazani ikapasuka pale anaposimama, na penye udongo laini akawa anazama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wenzake wa dhumna walifurahi. Meza yao ilikuwa ikiyumba miaka yote, na sasa Ubaldo akiweka kiwiko tu, inatulia.

Muuguzi wa zahanati, Yocasta, akaja na mizani yake kuuliza kwa nini Nereida hakufika zahanati siku aliyoitwa kupimwa.

"Nilitoka, dada," Nereida akamjibu kutoka karibu na mabati. "Upepo ukanipeleka kwa akina Mercedes. Nikanywa kahawa, nikarudi."

Yocasta akamvuta kwa pindo la gauni, akamsimamisha juu ya mizani. Mshale haukushughulika. Kisha akapanda Ubaldo, na mizani ikawa bapa, haikupima mtu tena. Yocasta aliitazama, akaisukuma kando kwa mguu.

"Haya, nisikilizeni. Hapa kuna sahani moja ya mtu mmoja, ninyi mmeikata katikati, kila mtu kachukua upande wake. Nyama inajenga mwili, sawa, lakini peke yake inakaa tu tumboni haina wa kuisukuma. Kabichi na ukoko vinasukuma, lakini mtu haishi kwa kusukumwa. Maharage yanajitahidi pande zote mbili, maskini, ila mnayaonea. Ubaldo, mpe mkeo paja moja. Wewe kula maharage, kabichi na parachichi. Basi. Dawa sina na haihitajiki."

"Paja moja?" Ubaldo akauliza.

"Kuku ana mawili."

"Najua ana mawili, Yocasta. Si ndiyo ninayokula?"

"Asipokula nyama huyu, siku moja atapita kwenye dirisha hilo na hutamwona tena. Unanielewa?"

Ubaldo alielewa. Alimpenda mkewe, na machozi yalimlengalenga. Akasema paja moja ni la Nereida kuanzia Jumapili, na mtu asibishe. Hakuna aliyebisha. Hata Bi Casilda alisema tangu zamani yeye alikuwa akisema huyu mtoto hali vizuri, jambo ambalo hajawahi kulisema maisha yake yote.

Jumapili Nereida alikaa mezani na wenzake, amekwamisha miguu kwenye ubao wa chini ya meza asipae. Paja lilikuwa kwenye sahani yake, limeiva, ngozi imekuwa ya kahawia, mchuzi unalitiririkia. Ubaldo alimeza kijiko cha kwanza cha maharage kwa uso wa mtu anayekunywa kwinini. Nereida akang'ata mara moja. Visigino vikashuka. Akatafuna taratibu, vidole vikagusa saruji, na saruji ilikuwa ya baridi, na alifurahi kiasi kwamba alitaka kulia palepale mbele ya watu.

"Hodi humu! Tulikuwa tunapita tu!"

Alikuwa shemeji Eliseo, mdogo wake Ubaldo, anayepita tu kila siku tangu mkewe amkimbie. Mabawa yake yalikuwepo. Ila siku hiyo alikuja na Padri Anselmo, na padri hapewi mabawa.

Ubaldo alikuwa ameshakula paja lake na sehemu kubwa ya kidari, akatazama dari. Bi Casilda akatazama picha ya Bikira Maria ukutani. Hakuna aliyemwambia Nereida kitu chochote, na hilo mpaka leo wanaapa. Mkono wake ndio ulionyanyuka wenyewe, ukakata pale alipong'ata, ukaligeuza paja upande ulio mzima, ukalisogeza mbele ya mgeni.

"Karibu, Padri," alijisikia akisema. "Mimi nimeshashiba."

Akapaa mpaka kwenye boriti. Padri akabariki chakula, akauliza kama kuna pilipili. Nereida aliukasirikia mkono ule kuliko alivyomkasirikia mtu yeyote pale mezani, akaukalia hukohuko juu mpaka wageni walipoondoka.

Jumatatu hakukuja padri. Paja lilikuwa lake tena, na Ubaldo akamwambia, "Kula, mke wangu, kula, mimi wala sitazami." Kweli hakutazama. Alikuwa amefumba macho na kumeza mate, koo likipanda na kushuka, na Nereida hakuweza kula mbele ya koo lile. Alimpa nusu. Jumanne akampa lote. Jumatano Ubaldo alisema maharage yamemvimbisha tumbo, mtu wa kazi hawezi kuinua tairi akiwa amejaa hewa, basi tusimame kidogo na hayo mambo ya Yocasta, kwa muda tu. Maharage yakarudi kwa Nereida.

"Sasa nikipeperuka?" Nereida akamuuliza.

"Utapeperukaje na mimi nipo?"

Akaleta kamba ya kuvutia magari. Ncha moja akajifunga kiunoni, ya pili akamfunga mkewe, na kwa mafundo Ubaldo hana mpinzani. Ikawa dawa. Yeye akaacha kuzama, maana mkewe alimvuta juu, na mkewe akaacha kwenda mbali, maana mumewe alimvuta chini. Walikwenda misani hivyo, mmoja chini na mmoja juu, na kukiwa na jua kali Nereida alimpa mumewe kivuli. Padri Anselmo aliwataja kwenye mahubiri kama mfano wa ndoa. Wiki hiyo duka la vifaa likaishiwa kamba.

Yocasta alipita kuangalia hali. Akazunguka kamba, akavuta fundo kulijaribu.

"Fundo zuri," akasema. "Na paja?"

"Tutaona wiki ijayo, dada," Nereida akajibu.

Yocasta hakugombana naye. Aliaga, na alipoteremka ngazi za baraza mawe aliyojaza katika mifuko ya koti asipae yaligongana, maana nyumbani kwao kuna kaka zake sita, wote wanapenda kuku.

Sasa mchana Nereida akishapakua, hutoka kwa mlango wa jikoni na sahani yake, kamba ikamfuata nyuma, akapanda mpaka inapokaza, juu ya mabati. Huko kuna hewa. Na kutoka huko anauona mji wote wa Loma Prieta saa sita mchana: juu ya kila ua mwanamke mmoja, na kwenye nyumba nyingine wawili au watatu, kila mmoja mwishoni mwa kamba yake, anakula maharage.

"Shoga!" Mercedes akamwita kutoka juu ya nyumba ya tatu. "Leo kwenu kuku?"

"Kuku!"

"Umepata?"

"Nimepata harufu!"

Wakacheka, na kicheko kikapita juu ya mapaa mpaka kanisani. Kamba ikavutwa mara mbili kutoka chini. Nereida akaaga wenzake, akashuka kumpa mumewe paja la pili.