Gunia la Ndengu la Marcella

Jumamosi hiyo Mwalimu Nelius alisema kwamba asiyetamka hata sentensi moja ya Kiingereza atarudishwa kwa wanaoanza. Akanitazama mimi. Miezi mitatu nzima, mdomo wangu katika darasa hili la watu wazima ulikuwa umefunguka kwa miayo tu. Shule niliiacha darasa la tano ili nikachunge mbuzi.

Somo lilikuwa kukisia mambo yaliyopita. Tulipotoka kunywa chai jikoni, nyuma ya kanisa tunamosomea hapa Siakago, Marcella, mwanafunzi mwenzangu, akapiga yowe. Gunia lake la ndengu, aliloliacha mlangoni pa kanisa, lilikuwa na tundu, na ndengu nusu hazipo.

"Msiguse!" mwalimu akasema, macho yakimng'aa. "Kisieni. Kwa Kiingereza."

Mutugi wa bodaboda hakungoja. "A thief must have come!"

"Mwizi gani wa kutafuna ndengu mbichi na kuacha gunia?" Marcella akamkata. "It might have been you. Wewe mdomo haupumziki."

"Mama, mimi meno yangu ni ya chapati!"

Walipokuwa wakicheka, niliangalia chini. Vumbini kulikuwa na mstari mwembamba wa kamba iliyoburutwa, kutoka mlangoni hadi kwenye mwarobaini alipofungwa mbuzi ambaye mwalimu alizawadiwa asubuhi na mzazi mmoja wa shule anakofundisha watoto. Mbuzi alikuwa amelala palepale, anacheua, macho nusu wazi, mpole kama mzee wa kanisa. Lakini kamba haikuwa tena mtini. Asubuhi nilimwona mwalimu akiifunga kama kamba za viatu, na fundo hilo mbuzi hulivuta mara moja tu likaachia. Mwalimu ni wa Embu mjini, hajawahi kufuga mbuzi.

Nimwambie mwalimu kosa ni lake, mbele ya watu? Kwa lugha ya nyumbani nisingethubutu. Ila maneno ya Kiingereza ya somo la asubuhi ile yalikuwa na upole wake: yanasema huenda, hayanyooshi kidole.

"Mwalimu," nikasema. "The goat must have eaten it. And you... you might have tied it like a shoe."

Kisha Mutugi akajishika mbavu. Mwalimu akaenda kwenye mwarobaini, akaangalia, akarudi na mkono mdomoni.

"Like a shoe!" akasema. "Yes, I must have. Marcella, nitakujazia gunia lako. Na wewe Rwamba, kwa wanaoanza huendi. Njoo unionyeshe fundo."

Nikapiga magoti nikamfunga mbuzi upya. Mwalimu aliinama karibu, akiniuliza polepole kwa Kiingereza kamba inapita wapi, na mimi nikamjibu.