Swali la Saa ya Chai

Kwenye gereji yetu historia ilifundishwa kwa ngumi. Kila siku saa ya chai Bosi alipandisha sauti ya redio, kipindi cha Siku Kama ya Leo kikaanza, na mtangazaji mwenye sauti ya mtu aliyeshiba akauliza swali moja: siku kama ya leo meli gani ilizama, jenerali gani alipinduliwa, mfalme gani alikatwa kichwa. Kisha aliweka wimbo ili wasikilizaji wapige simu. Sisi hatukupiga simu. Kila mmoja alitaja jibu lake kabla wimbo haujaisha, na mtangazaji akishalitoa jibu, waliopata waliwatandika ngumi ya bega waliokosa. Ngumi ya kweli, si ya kubembelezana.

Mimi ndiye mwanamke pekee pale, na kazi yangu ni kupaka magari rangi. Siku ya kwanza Domo, fundi wetu wa umeme, alinigusa bega kama anafukuza nzi. Nilimwambia arudie vizuri au namtilia tina ya kuchanganyia rangi kwenye chai. Akarudia, na tangu hapo tunaheshimiana. Sipendi kuhurumiwa, na kwa hilo nimefanana na kaka yangu, fundi injini wa gereji hiyohiyo, ambaye ngumi zake zilikuwa zinaacha alama ya wiki nzima.

Aliyeonja joto ya jiwe kuliko wote alikuwa mchomeleaji wetu mpya, mzee tuliyemwita Babu Cheche. Asubuhi tulimwamkia shikamoo kwa adabu zote, saa ya chai tukamtwanga. Hakuwahi kupata hata swali moja. Alikuwa anafumba macho, anakaza shingo, anasubiri. Bosi alimruhusu asicheze, lakini mzee alikataa katakata. "Iko siku na mimi nitapata," alisema, "na siku hiyo mtanikoma."

Siku yenyewe ilifika. Mtangazaji aliuliza: siku kama ya leo, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo waliokuwa wamegoma walipigwa risasi getini. Je, waliuawa watu wangapi?

Domo alicheka. Hilo lilikuwa swali la bure. Mji mzima unajua ni kumi na mmoja, na majina yao yamechongwa kwenye mnara mbele ya kiwanda kile kilichofungwa. Lakini kabla yetu sote Babu Cheche aliruka kutoka kwenye kopo alilokalia, furaha imemjaa usoni.

"Kumi na wawili!"

"Babu, leo umejimaliza," Domo alisema. "Kumi na mmoja. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Hao ni walioandikwa. Mimi nawaambia ni kumi na wawili. Nilikuwepo! Nani atanibishia?"

Mzee wa watu alikuwa anatabasamu. Alikuwa amepigwa siku nyingi mno, akapata kitu anachokijua kuliko wote, na tamaa ya kushinda mara moja tu ikamfungua mdomo. Halafu akatuona tulivyomtazama mimi na Kaka. Tabasamu likayeyuka.

Baba yetu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda hicho. Siku ya risasi aliondoka nyumbani asubuhi na hakurudi. Mochwari hakuwepo, wodini hakuwepo. Watu wa kiwanda walimwambia mama kwamba mumewe alionekana akipanda basi na mpishi wa kantini, na ni kweli mpishi huyo naye alitoweka mjini siku hiyohiyo. Mama aliamini. Wenzake waliitwa wajane wa mashujaa, yeye akaitwa mwanamke aliyekimbiwa. Jina la baba nyumbani kwetu lilikuwa tusi. Na kwa kuwa Kaka alitoka na sura ya baba, sura nzima pamoja na mwanya, mama alimpiga. Alimpiga kwa mwiko, kwa waya, kwa kiatu. "Ondoa meno hayo ya baba yako mbele yangu!" Mimi nilizaliwa na sura ya mama, nikapona.

Wimbo ulikwisha. Mtangazaji akasema jibu sahihi ni watu kumi na mmoja, na akawapongeza waliopata. Kaka aliweka kikombe chini akamsogelea mzee.

"Umekosa, Babu," alisema taratibu. "Wa kumi na mbili ni nani?"

"Nimechanganya, mwanangu. Uzee huu."

Kaka alimpiga ngumi ya bega, ile ya halali. Mzee akapepesuka hadi kwenye mlango wa gari nililokuwa nimelipiga msasa.

"Ni nani?"

"Nimekwambia nimechanganya!"

Ngumi ya pili haikuwa ya bega. Ilimpata mdomoni, na damu ikarukia bati jeupe. Kaka alimkamata shingo, akambamiza kichwa kwenye mlango, akambamiza tena. Domo alimvuta mkanda, akapigwa kiwiko cha pua akaenda chini. Bosi alimdandia mgongoni, akatupwa kwenye matairi. Kaka hakuwa anapiga kelele hata kidogo. Alikuwa anapiga tu, mzee ameshalala kwenye sakafu ya mafuta, na sauti ya ngumi ilikuwa imeshaanza kubadilika, imekuwa ya majimaji.

Sitasema nilimwonea huruma Babu Cheche. Sikumwonea. Nilichokiona ni kwamba dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayejua baba yangu aliko, na mtu huyo alikuwa anakufa mbele ya macho yangu.

"Muache aseme!" nilipiga kelele. "Ukimuua unamuua na baba!"

Hakunisikia. Niliokota spana ya tairi, nikampiga kaka yangu wa tumbo moja kwenye mkono uliokuwa juu. Mfupa ulilia. Alinigeukia na macho yasiyonijua, nikadhani sasa ni zamu yangu, lakini mkono ulikuwa unaning'inia. Alikaa chini pembeni ya ndoo ya grisi.

Nilipiga magoti juu ya mzee, spana mkononi.

"Yule wa kumi na mbili yuko wapi?"

Alitema jino. Alimtazama Kaka, ambaye alikuwa ameachama kwa maumivu, meno yote nje, na nilimwona mzee anavyoutambua ule mwanya.

"Mungu wangu," alisema. "Nyie ni wanawe."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya tanuru la kiwanda. Kwenye shimo la majivu." Aliongea vipande vipande, damu inamtoka na kila neno. "Polisi walipiga risasi wakaondoka. Yeye hakuguswa. Alitoka kuja kuwabeba majeruhi pale getini. Mimi nilikuwa mlinzi wa kiwanda. Mabwana wakasema, huyo ndiye aliyewaamsha wenzake, mnyamazisheni. Nikampiga rungu la kisogo."

"Wewe?"

"Mimi. Akaanguka, akawa anajaribu kuinuka. Nikamuongeza." Alifumba macho. "Maiti za risasi tungesema ni za polisi. Rungu tungesema la nani? Ndiyo maana hakuandikwa. Yule mpishi walimtisha, wakampandisha basi, wakaeneza maneno."

Niliinua spana. Alikaza shingo, akasubiri, vilevile kama kila siku saa ya chai. Nilitaka kichwa. Naapa nilikitaka kile kichwa kwa moyo wangu wote. Nikaishusha kwenye goti lake. Alilia kilio kirefu, nami nikainua tena, na hapo Bosi akanidaka mkono kwa nyuma akanikumbatia kwa nguvu hadi nikaiachia.

"Basi, binti yangu," alisema. "Basi. Polisi wanakuja." Kisha akaenda kuzima redio.

Babu Cheche aliyarudia yote mbele ya polisi akiwa amelazwa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, hata upande wa shimo akawaelekeza. Domo, na pua yake imevimba kama kitumbua, alitoa ushahidi kwamba mzee aliteleza kwenye mafuta. Mkubwa wao alitazama damu kwenye mlango, akamtazama Kaka, akasema gereji ni mahali pa hatari. Wakamchukua mzee, sisi tukampeleka Kaka hospitali akafungwe plasta.

Jioni tulirudi nyumbani. Mama, anayefua nguo za watu, alikuwa sebuleni anapiga pasi mashuka. Alipouona ule mkono alisonya.

"Umepigana tena? Damu ya yule mhuni haiwezi kukuacha, eeh?"

"Mama, kaa," nilisema.

"Nikae, nguo za watu atazinyoosha nani?"

Nikamwambia akiwa amesimama. Nilimwambia geti, rungu, shimo la majivu. Nilimwambia kwamba baba hakupanda basi na mpishi yeyote, na kwamba alikufa asubuhi ileile aliyomuaga, akiwa anabeba wenzake. Harufu ya shuka linaloungua ilianza kupanda, nikaiondoa pasi mwenyewe.

Mama alimtazama Kaka. Halafu aliinua mkono, na Kaka hakurudi nyuma, akatoa uso wake alivyozoea. Kofi halikumfika. Mama alijipiga mwenyewe. Alijipiga shavuni kwa kiganja kizima, akajipiga tena, akaleta na mkono wa pili, kulia na kushoto, na hakuwa analia. Nilimshika, akanisukuma nikaangukia mashuka.

"Miaka yote," alisema. "Nimekuwa nampiga mwana wa marehemu miaka yote."

Akaendelea kujipiga, mdomo umeshachanika. Kaka alikuwa na mkono mmoja tu mzima. Aliutumia kumbana mama kifuani kwake, mikono yote miwili ya mama ikiwa ndani, huku mama anajitupa na kumpiga kichwa kwenye ile plasta, na kila pigo lilimfanya Kaka aume meno. Hakumwachia.

"Inatosha, Mama," alimwambia. "Hii nyumba tumeshapigwa vya kutosha."