Taa Isiyomwona Térence

Taa ya njia panda ya Gasenyi ilikuwa na adabu kwa magari tu. Gari likitoka mtaani na kusimama, haikupita dakika taa ikawa kijani. Pikipiki zingeweza kusimama hata kumi, nayo ikabaki nyekundu.

Nsimire aliijua nyekundu ile vizuri kuliko alivyotaka. Kazi yake ilikuwa kupeleka sampuli za damu kutoka kituo cha afya hadi maabara, ng'ambo ya mji, ndani ya kisanduku cha barafu, kabla ya saa tatu asubuhi. Zikichelewa zinamwagwa, na wagonjwa wanachomwa sindano upya. Mara mbili alichoka kungoja akapita na nyekundu, na mara mbili polisi aliyesimama ng'ambo ya barabara kuu akamwandikia faini. Mkubwa wake alimwambia bila kupaza sauti: ya tatu, pikipiki inakwenda kwa Gaël. Huyo Gaël, mpwa wa mkubwa, alikuwa ameshaanza kuikalia uani kila jioni, eti anazoea kiti.

Asubuhi hiyo alikuta wamotari sita, wabeba abiria kwa pikipiki, wamemtangulia. Wote walikuwa wameuvuka mstari mweupe, magurudumu ya mbele karibu yaingie barabara kuu, kwa maana kwao motari anayesimama nyuma ya mstari ni mtu ambaye bado anajifunza. Injini walikuwa wamezima. Esanse, yaani petroli, siku hizi si kitu cha kuchezea. Katikati yao alikaa Térence, mkuu wa kituo chao cha pikipiki, mtu mwenye jibu kwa kila swali na kosa katika kila jibu. Chini ya injini yake alikuwa amefunga kwa waya sumaku kubwa iliyong'olewa kwenye spika mbovu.

"Taa inavutwa na sumaku," aliwafundisha. "Ni fizike hiyo. Mutu hawezi kubishana na fizike."

"Tangu jana inavutwa, shefu," alisema Fabrice, aliyekuwa kando yake. "Ama inakuya na miguu?"

Wengine walicheka, lakini kwa heshima. Loïc, mnene kuliko wote, alikuwa akirukaruka juu ya kiti chake, kwani yeye aliamini taa inapima uzito. Pikipiki ililia kwa uchungu. Taa haikujali.

Nsimire alitazama saa. Saa mbili na dakika kumi na tano. Alikuwa na diploma ya umeme, karatasi nzuri ambayo haikuwahi kumpa kazi ya umeme, na jana alikuwa ameinama kutazama lami huku watu wakimdhania ameangusha pete. Nyuma ya mstari mweupe palikuwa na mishono myeusi iliyochora mraba barabarani. Hapo ndipo walipokata lami wakafukia waya, na waya ule huhisi chuma kilicho juu yake, ukaiambia taa. Gari haliwezi kuukosa. Pikipiki ni nyembamba. Lazima isimame juu ya mshono wenyewe. Na mabingwa hawa sita walikuwa wameruka mraba mzima kwa ajili ya fahari.

"Kaka Térence," alisema kwa sauti ndogo, "murudi nyuma kidogo. Waya iko huku chini ya lami. Huko mbele haiwaone."

Térence aligeuza shingo polepole, kama mtu aliyeitwa na kuku.

"Mama wa kisanduku, nyuma ni pa baiskeli. Unaogopa mustari? Kuya mbele, tutakushika mukono."

Kicheko cha safari hii hakikuwa na heshima yoyote.

Masikio ya Nsimire yalipata moto. Mwezi mzima alikuwa amekwenda mbele kwa sababu ya kicheko hicho hicho. Ng'ambo, polisi alikuwa ameshatoa kalamu, akimtazama yeye kama mtu anayemtazama mteja wake wa kila siku. Nsimire akashusha miguu, akairudisha pikipiki nyuma hatua moja moja, mpaka magurudumu yote mawili yakalala juu ya mshono mweusi. Akatulia.

"Anarudi nyumbani," alisema Loïc.

Taa ikawa kijani.

Térence akaipiga sumaku yake kofi la upendo.

"Munaona?" aliwauliza wafuasi wake. "Ilikuwa inahitaji tu kupata moto."

Wakaondoka kwa kelele, Fabrice akiuliza spika kama ile inapatikana wapi, soko la Jabe ama wapi. Nsimire angeweza kuwaeleza. Alikuwa na kisanduku cha kufikisha. Akapita mbele ya polisi, kalamu ikarudi mfukoni.

Saa nne alirudi kituo cha afya. Gaël alikuwa uani, kofia ngumu kichwani, mikono tayari kupokea ufunguo.

"Polisi hakukushika?"

"Apana."

"Hata kidogo?"

"Taa imenifungulia yenyewe," alisema Nsimire, akautia ufunguo mfukoni. Gaël alibaki amesimama juani, na ile kofia.