Mzee Kimya wa Chini ya Maktaba

Kila asubuhi mhadhiri wa historia alipoingia maabara alimsalimia maiti kwa utani. "Shikamoo, Mzee Kimya! Leo pia hutufungulii kinywa?"

Mifupa ilikuwa imepangwa mezani, kuanzia fuvu hadi vidole. Iliibuka maktaba kuukuu ya chuo ilipobomolewa, chini kabisa ya msingi, ikiwa katikati ya vigae vya vyungu, na tangu hapo wasomi walikuwa wakiigombania kama mpira wa kona.

Rafiki yake wa akiolojia, waliyemwita Bwana Sepetu, hakuwa na shaka hata chembe. "Kilicho chini ya msingi kimetangulia msingi. Huyu ni wa kale." Mhadhiri akambishia: pasipo maandishi, hizo ni porojo. Wote wawili wakamcheka dada wa vinasaba, mpimaji wa DNA pale maabara, eti atamsemesha marehemu kwa jino moja!

Na huyu mhadhiri, mpenda mambo ya kale ya watu, ya kwao hakutaka kuyasikia. Baba yake, fundi mwashi, alikwenda kazini siku moja asirudi. Msimamizi akasema katoroka na mwanamke. Mama akachana picha zake zote, na yeye, bintiye, akakua akimchukia mtu asiyemkumbuka hata sura.

Kila aliyeishika mifupa alitoa mate yake, ili chembe zake zijulikane na kutengwa. Majibu yalipotoka, dada wa vinasaba alimjia juu mhadhiri, maana chembe zake zilionekana kwenye mifupa. "Umemshika bila glavu, wewe!"

"Mimi? Thubutu!"

Dada wa vinasaba akarudia kipimo kwa unga wa ndani kabisa ya gego. Safari hii alifunga mlango kwanza.

"Dada yangu, kaa. Ungekuwa umemchafua, ningekukuta wewe mzima. Nimekuta nusu yako."

"Nusu gani tena?"

"Ile mtoto anayopewa na baba yake."

Mhadhiri alicheka. Kisha akashika ukingo wa meza. Juzi tu aliwapa wanafunzi fuvu lile wapokezane, akacheka nao. Jamani, kichwa cha baba yake!

"Mungu wangu," Bwana Sepetu alisema, naye alikuwa pale pembeni ya meza. "Alitumbukia shimoni, wakammwagia zege. Na mimi nikamwita wa kale!"

Mhadhiri akampigia mama yake.

"Mama, baba hakutukimbia."

"Usinitajie huyo mwanamume!"

"Alifia kazini, mama. Tumemkuta chini ya maktaba ya zamani ya chuo. Ni yeye, imepimwa mara mbili."

Mama alivuta pumzi, kisha ikaja sauti yake ambayo binti hakuwahi kuisikia.

"Kesho yake nilimfuata pale pale," mama alisema. "Wenzake wote walikuwa wananitazama. Nilisimama juu ya lile zege jipya, nikamtukana mpaka sauti ikanikauka. Mwanangu, kumbe nilikuwa nimemkanyaga."